Neno Shaghalabaghala na Nyumba ya Mama Zawadi

Vijana, sogeeni. Ninyi wenye munakaa pale juu ya mawe, na ninyi wenye munajifanya munaangalia telefone kumbe sikio liko huku, sogeeni wote. Na ule anakula muhindi wa kuchoma asogee mbele kabisa, lakini agawe. Mie Papa Bega sisemake na watu wenye wanatafuna peke yao.

Jana nilipita penye mulikuwa munashusha vyombo vya watu kwenye Fuso. Vitanda huku, sufuria kule, kiatu kimoja ndani ya mutungi wa mayi. Moja wenu akasema: «Angalia, wameweka vitu shaghalabaghala.» Ile neno iliniuma mpaka kwenye jino lenye liling'oka zamani. Juu ya nini? Vile vitu vilikuwa vimenyamaza. Vililala pale kama watu wa misa ya kwanza. Mutoto wangu, kitu chenye kimenyamaza hakiwezi kuwa shaghalabaghala, hata ukikibembeleza.

Shule mie nilikuwa napita tu mbele yake nikienda kazi. Lakini ile neno niliisoma na bega. Nilibeba nyumba za watu katika hii Goma tangu wakati nywele zangu zilikuwa bado zinanifuata. Si vyombo, hapana. Nyumba yenyewe. Munacheka. Siye tunakaa juu ya jiwe la volkano. Ukitaka kuchimba shimo la nguzo, jembe inalia, jiwe linacheka. Njo maana nyumba ya mbao tunaiweka tu juu ya mawe, kama sufuria juu ya mafiga. Na kitu chenye kimewekwa kinaweza kuinuliwa. Mutu akiambiwa atoke kwenye parseli, kile kiwanja cha mwenyewe, alikuwa anatuita. Tunatosha manjanja, yale mabati ya juu, ili nyumba ikuwe nyepesi, tunapitisha miti chini, tunafunga kamba, tunaingiza mabega, na nyumba inaanza kutembea. Kuko nyumba moja tuliibeba, ilikuwa kubwa mpaka mwenyewe alipotea ndani. Tulipofika alitoka na ndevu.

Kapita wetu, maana yake mukubwa wa kikosi, alikuwa muzee Feruzi, mutu wa Uvira mwenye alizungukazunguka sana ngambo ya Tanganyika. Wengine walirudi kutoka kule na redio, na kinga ya magurudumu mawili. Yeye alirudi na neno moja, na alilichunga kuliko redio. Siku nilianza kazi nikaona kamba, miti, watu wanabishana, nikasema kwa sauti: «Hii kazi ni shaghalabaghala.» Nilikuwa nimelisikia kwake asubuhi ile ile, nikataka kulivaa. Muzee Feruzi akaweka muti chini.

«Bega, usishike neno langu na mikono michafu. Kuko ovyo, kuko pele-mele, kuko shaghalabaghala. Ovyo mutu anaifanya peke yake. Hata akiwa usingizini anaweza kulala ovyo. Pele-mele ni mambo ya vitu. Maharagi na mawe ndani ya kapo moja, ile ni pele-mele, na vinaishi pamoja bila kugombana. Lakini shaghalabaghala inaomba watu, na vitu, na makelele, vyote mara moja, na kila mumoja akuwe na mupango wake.»

«Nitajuaje, kapita?»

«Funga macho. Kama ungali unaisikia, ni shaghalabaghala. Kama haisikike tena, ilikuwa pele-mele, endelea na safari yako.»

«Na mutu akiwa peke yake, anapiga makelele, anatupa visahani?»

«Ule ameoa. Muache.»

Basi shikeni hiyo. Munaweza kusema watu walishuka kwenye bus shaghalabaghala, na muko sawa, zaidi kama kuko mama moja mwenye alishukia dirishani na kuku. Munaweza kusema mvua ilianguka na harusi ikakimbia shaghalabaghala, kila mutu na kiti chake kichwani, na bwana harusi anauliza nani alibeba keki. Hiyo ni nzuri sana. Lakini musiseme mutu alivaa shaghalabaghala. Labda kama alivaa sufuria, na zilikuwa zinagongana.

Mie mwenyewe nililielewa mara ya kwanza kule juu, karibu ya Kibumba, kwa nyumba ya papa mumoja mwenye alikuwa muvivu sana. Alikataa kutoka ndani. Akasema kama nyumba inaenda, kwa nini yeye atembee? Akavuta kiti chake, akakaa na kasiksi yake, ile pombe ya ndizi, katikati ya chumba. Muzee Feruzi hakukuwa siku ile, alikuwa mugonjwa, na mie nikajitia ukapita. Mbele niliweka vijana wa Kibumba, nyuma nikaweka wa kwetu Murara. Hapo njo nilikosea, na hata mutoto wa kunyonya hangekosea vile. Juu kubeba nyumba ni wimbo. Muguu unafuata wimbo, bega linafuata muguu, nyumba inafuata bega. Wa mbele wakaanzisha wimbo wao wa kulima, ule wa polepole, unavuta. Wa nyuma wakaanza wimbo wa mupira. Nikapiga makelele wanyamaze, nao wakafikiri natia kiitikio.

Nyumba ikajaribu kutii wote. Mungu anajua ilijaribu. Halafu misumari ikasema kwe, kwe, kwe, nusu ya mbele ikaondoka na watu wa Kibumba wakiimba vizuri kabisa bila kugeuka, na nusu ya nyuma ikaanguka kwenye njia. Kuku wakatoka, mbwa wakaingia, muke wa ule papa anafukuza nusu ya mbele juu kitanda chake kilikuwa kinaenda nayo. Na ule papa ningali namuona, amekaa kwenye kiti barabarani, kikombe mukononi, ukuta mumoja nyuma yake. Akaniangalia, akasema polepole: «Endeleeni tu. Mie nashukia hapa.»

Nilifunga macho. Nilikuwa ningali naisikia.

Tangu siku ile nilijua kazi. Sikilizeni, juu hii hakuna mutu mwingine atawaambia, na siku Fuso itakosa mazutu ya kunywa mutanikumbuka. Mukipanda mulima, wafupi mbele, warefu nyuma. Mukishuka, mugeuze. Ndugu wawili musiwaweke muti mumoja, watakumbuka mambo ya shamba la baba yao katikati ya njia. Mulango piga musumari, juu mulango wenye unafunguka na kujifunga unavuta nyumba kama mutoto anavuta kikwembe ya mama. Mutu wa kikohozi akae katikati. Na wimbo mumoja, hata kama ni mubaya.

Siku hizi ninyi munapiga nyumba picha, munaitosha ubao kwa ubao, munaitia kwenye gari, munaisimika tena. Sikatae, ni akili. Lakini nyumba ile mulisimika juzi, mulango wake unafungukia kwenye choo ya jirani. Picha mulishika upande gani?

Bon. Sasa nyumba ya Mama Zawadi.

Mama Zawadi alikuwa mujane wa Murara, muuzaji wa sambaza, mwanamuke wa heshima mpaka samaki zake zilikuwa zinalala kwa mustari. Binti yake ni Neema. Neema alikuwa anapendana na kijana moja fundi wa motari, maana yake pikipiki, jina lake Espoir, na famili ya Espoir ni watu wa upande wa Bukavu. Baba ya Espoir alikufa zamani, yule mwenye alimulea ni baba yake mudogo, Papa Deo. Bila neno la Papa Deo hakuna ndoa. Na Papa Deo alikuwa mukubwa wa kwaya kule parokia yao. Mutu mwenye akisikia mulango unalia, anauliza unalia sauti ya ngapi.

Papa Deo hakumujua Neema, hakumujua mama yake, hakujua Murara. Alimuambia tu Espoir hivi: «Nitakuja kutoa mahari Posho, siku ya Jumamosi, saa nane. Nitakaa kwenye kiti. Nikiona ni watu wenye wana kwao, watu wa utaratibu, mbuzi zitabaki. Nikiona ni watu wenye wanaishi shaghalabaghala, nitarudi nazo kwenye bato ya ziwani, na hayo mambo yataisha.»

Na Posho ile ile, mwenye parseli ya Mama Zawadi alikuwa analeta mawe ya kujenga nyumba ya duraba, ile ya kudumu. Mama Zawadi alipata pahali pa kuhamia, kipande kimoja juu kwa njia ya Rutshuru. Tulipaswa kubeba nyumba Ijumaa. Lakini Ijumaa nusu ya kikosi walienda kwenye matanga ya baba mukwe wa mumoja wetu, na matanga munajua, mutu anaingia na machozi, anatoka na tumbo, hatoke haraka. Basi Posho asubuhi njo tulifika, na tulikuwa wachache.

Mama Zawadi alitungojea kwenye mulango. «Papa Bega, saa nane wakwe wanakuja. Nyumba ikuwe imesimama. Imefagiwa. Viti kwa mustari. Mutoto wangu maisha yake iko juu ya bega lako.»

«Mama, wasiwasi ya nini? Saa sita utakuwa unapika.»

Nilidanganya. Tulikosa mutu wa kona ya nyuma, upande wa kushoto, kona yenye uzito kuliko zote juu kabati lilikuwa pale, na lile kabati Mama Zawadi alikataa litoke. Njo Neema akatoka nyuma ya nyumba na suruali ya kaka yake, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi, koti ya mvua juu.

Mama yake akashika kichwa. «Bibi harusi habebake nyumba.»

«Mama, nisipobeba nyumba sasa, mchana nitabeba aibu.»

Akaingia chini. Na lazima niseme kweli, mie mwenye nilibeba na wanaume wa kila namna: ule binti alikuwa na bega la ng'ombe wa Masisi na mudomo wa mama wa sokoni. Hatukumaliza hata nyumba tatu za majirani, alikuwa amekwisha kututukana wote kwa majina.

Tulienda vizuri. Mama Zawadi mbele na viti kichwani, siye nyuma na nyumba, vyombo vingine vinafuata kwenye chukudu, kile kigari chetu cha mbao. Tulifika pale njia inabanwa kati ya kuta mbili za mawe. Nyumba ikaijaza njia kama kifuniko. Nyuma yetu kukaja minibus, inapiga honi. Nyuma ya minibus, motari, zinapiga honi. Juu ya minibus kulikuwa mbuzi, na mbuzi zikajibu honi. Kijana wetu Safari, mwenye alikuwa anabeba pamoja na Neema, akageuka aone mbuzi, akakanyaga jiwe vibaya, kifundo kikasema ko. Akakaa chini. Nyumba ikainama. Ndani ya kabati visahani vikaanza kuhesabiana. Mwenye chukudu akaacha chukudu ashike ukuta, chukudu ikashuka peke yake na godoro mpaka kwenye kibanda cha kinyozi, kinyozi akatoka na mukasi, muteja wake akatoka na nusu ya kichwa. Watu wa motari wanatufundisha kazi. Watu wa wimbo, mumoja anaimba, mwingine anaomba Mungu, mwingine anamuita mama yake mwenye alikufa. Hapo musifunge macho. Hapo hata ukiziba masikio ungali unaisikia. Muzee Feruzi kama angekuwa pale, angelia kwa furaha.

Mulango wa minibus ukafunguka. Akashuka papa mumoja mwenye kostime nyeusi, karavati, viatu vinaangaza mpaka mbuzi zilikuwa zinajitazama.

Ninyi nawaambia sasa: ule alikuwa Papa Deo. Alifika mapema, juu yeye kanisani anafika kabla ya padiri. Lakini siye hatukumujua, naye hakutujua. Espoir mwenyewe angetuambia, lakini alikuwa bado mbali, anakuja na warafiki wake na kinywaji.

Papa Deo akasema: «Nani mukubwa hapa? Ondoeni hii nyumba. Tuko na shuguli ya heshima.»

«Papa,» mie nikamuambia kutoka chini ya muti, shingo imekunjika, «nyumba haina marsharyeri. Itaenda mbele tu. Na kona ile imekosa mutu. Ukitaka ufike kwenye heshima yako, pitia pale chini.»

Aliangalia saa. Aliangalia kona. Akavua koti, akalikunja, akampa dereva, akaingia chini ya muti kando ya Neema. Halafu akatusikiliza kidogo, akafunga macho kama anaumwa meno.

«Munaimba nyimbo ngapi?» akauliza.

«Moja,» nikasema.

«Nasikia ine.»

Akaanza kupiga chini na kiatu chake cha kuangaza, akatoa wimbo wa matoleo, sauti nzito, ya kutoka kwenye mushipi. Vijana, ile nyumba iliinuka kama imeitwa jina. Tukaanza kupanda. Sijawahi kubeba nyumba namna ile. Hata wenye motari walikuwa wanaitikia.

Lakini Neema kando yake hakushiba na nyimbo.

«Muzee, unaimba vizuri, lakini nyumba haibebwake na koo. Inua.»

Papa Deo akageuza shingo. Nafikiri tangu ubatizo wake hakuna mutu alimusemesha vile. Akainua.

«Muzee, huu muti si rozari. Usiushike na vidole mbili.»

Akaushika na mukono muzima.

«Kitambi chako kiko ndani ya nyumba ama inje? Kama kiko ndani, kinaongeza muzigo.»

«Kijana,» Papa Deo akasema na pumuzi ya mwisho, «wewe ni mutoto wa nani?»

«Mutoto wa mama yangu. Inua. Ukichoka sema, tukuweke ndani pamoja na kuku.»

Nilitaka kumunyamazisha, lakini niliona kitu. Kila akitukanwa, ule muzee alikuwa anapanda hatua nzuri zaidi. Na Neema, mudomo unasema, lakini pale mulima ulikaza alijisogeza karibu na katikati, ili uzito wa muzee umuangukie yeye. Mie nilikuwa kando tu, niliona. Muzee naye alisikia kwa bega. Kwa bega huwezi kudanganya mutu.

Tulifika. Tukatua nyumba juu ya mawe yake, ikakaa mara moja, haikutingishika. Papa Deo akapangusa uso na karavati. Neema akakimbia nyuma ya kichaka cha jirani kuvaa. Dereva akasogeza minibus, akatoa kichwa dirishani, akauliza Mama Zawadi mwenye alikuwa anapanga viti: «Mama, samahani, tunatafuta kwa Mama Zawadi. Kwenye harusi ya Neema.»

Mama Zawadi kiti kikamutoka mukononi. «Ni hapa, baba.»

Dereva akaangalia nyumba. Papa Deo akaangalia nyumba. Halafu akatuangalia siye, mumoja mumoja, halafu viatu vyake, vyenye vilikuwa vimegeuka rangi ya majivu.

«Ni hii?» akauliza.

«Njo hii.»

Papa Deo akaenda kwa dereva. Alivaa koti lake juu ya ule uchafu wote, akaingia, akakaa kwenye kiti, bega moja limeshuka. Mama Zawadi akanivuta kwa shati. «Papa Bega, umeniua. Alisema akiona shaghalabaghala anarudi. Na hakuiona tu kwa macho. Mumemutia katikati.»

Mie nikajikuna bega. Nikatazama mbuzi. Zilikuwa zingali juu ya minibus, hakuna mutu alizishusha.

Espoir akafika, akaona sura ya baba yake mudogo, akaweka kinywaji chini. Shuguli ikaanza, lakini ilikuwa baridi kama bugali ya jana. Munajua desturi yetu: famili ya binti inaleta wasichana wamefunikwa na vikwembe kichwa mpaka miguu, mumoja mumoja, na upande wa bwana harusi unasema ni huyu ama si huyu. Shangazi akaleta wa kwanza. Espoir akasema: «Si huyu.» Watu walipaswa kucheka, hawakucheka. Akaletwa wa pili. «Si huyu.» Wote tunamuangalia Papa Deo, na Papa Deo anaangalia mulango. Nikasema moyoni: sasa anasimama, sasa anaita dereva, bato inaondoka nao.

Akaletwa wa tatu. Alitembea upande upande kidogo, kama mutu bega linamuuma. Chini ya kikwembe haone njia, na nyumba ndogo, na viti vimekazana. Muguu wake ukagonga ile miguu mirefu ya Papa Deo. Mama Zawadi akafunika macho. Na kutoka ndani ya kikwembe, mbele ya wakwe wote na katekista, ile sauti ikatoka:

«Muzee, kunja miguu, njia si yako peke yako.»

Vichwa vyote vikageukia kwa Papa Deo. Espoir akafungua mudomo aseme neno lake, lakini Papa Deo alikuwa amekwisha simama, mukono mumoja kwenye bega lenye liliumia, anaita dereva wake kwa sauti ya kwaya:

«Ni huyu. Shusha mbuzi mbio, uwape, kabla hajaanza tena.»